Shemeji Anajenga Kompyuta ya Gemu, Kodi ya Nyumba Je?

Nyinyi wa Tanga mnasifiwa kwa mahaba mpaka watu wanapanda basi kuja kushuhudia wenyewe. Barua ya mwezi huu imetoka huko huko. Mahaba yamo, ila safari hii yamechanganyika na nyaya.

Anayeniandikia ni mdogo wangu wa Mikanjuni, ana miaka miwili ndani ya ndoa na mtoto mmoja. Mumewe ni karani kwenye ofisi moja inayotoa mizigo bandarini. Msikilizeni mwenyewe:

"Anti, nilikuwa natafuta soksi ya mtoto chini ya kitanda, nikakuta boksi limesukumwa nyuma ya begi. Moyo ulinipasuka paa! Kufungua, naona kidude cheusi kina feni mbili, kizito kama tofali. Boksi limeandikwa GTX 1060. Nikampa fundi simu wa hapa mtaani picha, akacheka, akasema dada hicho ni cha kompyuta ya gemu, si chini ya laki mbili. Anti, nyumbani kwetu hakuna kompyuta! Na mwezi ujao mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, laki nne na themanini. Afadhali ningekuta picha ya mwanamke, ningejua pa kuanzia. Nimwambie nimekiona? Au nikiuze kimya kimya kama alivyokinunua?"

Mh! Mdogo wangu, kwanza pole. Pili, usikiuze. Ukikiuza kimya kimya mtakuwa wawili mnaofichana, na halafu wewe hujui bei yake, watakupa elfu sabini na utashukuru. Kirudishe kwenye boksi. Usiku mtoto akishalala, kiweke mezani, si kwa kukitupa, kiweke tu. Mwambie: "Baba nanihii, nimekiona. Nionyeshe kinafanyaje kazi." Halafu nyamaza. Mwanaume aliyeficha kitu anakuwa ameshajiandaa kwa kelele. Hajajiandaa kuulizwa swali.

Na swali lenyewe litamshika pabaya, maana kuna jambo ambalo nina wasiwasi shemeji yangu mwenyewe bado hajalijua. Hicho kidude hakitafanya kazi kwenye kompyuta ya bei anayoiweza.

Nimewauliza mafundi, na wote wameniambia kitu kilekile. Hicho kinaitwa kadi ya grafiki, ndicho kinachochora picha za gemu. GTX 1060 ilitoka mwaka 2016 na bado ni kadi ya maana kwa mtu wa kipato chetu. Ila inakula umeme wa wati 120. Tundu la ndani ya kompyuta linalochomekwa kadi linatoa wati 75 tu, hizo nyingine lazima ziletwe na waya wa peke yake kutoka kwenye pawa saplai. Geuza kadi uangalie pembeni, utaona tundu la pini sita. Sasa kompyuta za mtumba za ofisini, ambazo ndizo za watu wenye laki tatu nne mkononi, nyingi hazina waya huo. Pawa saplai zake ni za wati 240, 260, 300. Na huwezi kuchomoa ukaweka nyingine hivi hivi, kwa sababu Dell na HP nyingi za ofisi zina plagi zao wenyewe zisizoingiliana na za kawaida.

Atatokea mjanja atakayemwambia, "Kaka, kuna kiwaya cha kuunganishia, unachukua moto kwenye waya wa diski." Asikubali! Waya wa diski haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Unapata joto, plastiki inayeyuka, na mtoto amelala chumba cha pili.

Unaona basi kasheshe ya kununua kwa siri? Mtu anayenunua kwa siri hanunui kwa mpango, ananunua kwa nafasi. Leo kapata chenji ya ovataimu, mshikaji anauza kadi, anaibeba. Hawezi kuijaribu nyumbani, hakuna cha kujaribia. Hawezi kukuuliza kama kuna hela nyingine. Zile siku za kurudisha zinapita kadi ikiwa imelala nyuma ya begi. Angekuambia tangu mwanzo, mngebishana, mngenuniana siku mbili, lakini angeanza na kompyuta kwanza, kadi mwisho.

Sasa tuje kwenye mshiko. Laki nne na themanini ya kodi haiguswi, hiyo tusijadili. Ikiwezekana ipelekwe kwa mwenye nyumba mapema, iondoke kwenye macho ya watu. Kinachobaki ndicho cha kujengea. Na shemeji, kama unasoma hapa, najua unasoma, usiende kwa wale wa kausha damu kukopa hela ya kompyuta. Mtu anakopa laki tatu akacheze mpira kwenye skrini, kisha wanakuja kubeba hiyo hiyo kompyuta na godoro juu! Kama mkeo yumo kwenye mchezo wa kina mama pale mtaani, zungumzeni zamu yake ije lini na itafanya nini. Hela ya upatu ni ya kwake, kwa hiyo ombi ni la kuombwa vizuri, na jibu linaweza kuwa hapana.

Tanga ni mji wa baiskeli, mnajua wenyewe. Fremu inatoka kwa huyu, ringi kwa yule, cheni mpya, fundi chini ya mwembe anaunga, na baiskeli inatembea miaka kumi. Kompyuta ya gemu ya bei nafuu inajengwa vilevile. Fremu yake ni mashine ya ofisini iliyotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Maofisi ya nje yanazibadilisha zikiwa bado nzima, zinaishia madukani Kariakoo na nyingine zinafika mpaka Ngamiani. Hizi hazina urembo, hazina mataa ya rangi. Ila zimetengenezwa kukaa zimewashwa kutwa, na ndani tayari kuna mazabodi, prosesa, RAM na mara nyingi diski. Hilo la RAM lina uzito wake siku hizi, kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda dunia nzima, viwanda vikikimbilia kuhudumia mitambo ya akili bandia. Kununua mashine ambayo RAM imo ndani ni nafuu kuliko kuanza kuokota kimoja kimoja.

Shemeji asidanganywe na neno "Core i5". Ai-faivu ziko za kila umri, kama mashangazi. Aangalie namba inayofuata. i5-3470 inaanza na 3, hiyo ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. i5-8500 inaanza na 8, ni ya mwaka 2018. Tofauti si ya kasi tu. Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu kama Valorant nayo haifunguki kwenye Windows 11 kama mashine haina kinga za usalama zinazotakiwa. Kwa hiyo akiweza kufika kizazi cha nane, afike, hata kama itabidi kadi isubiri miezi mitatu. Asipoweza, cha nne au cha sita kitacheza GTA V na magemu ya zamani bila shida, ila ajue ananunua mzee.

Kitu kingine ni umbo. Hizi sipiyu ziko za aina tatu. Kuna ile ndogo kama kamusi, hiyo haiingii kadi kabisa, aipite. Kuna ya wastani, nyembamba, inayotaka kadi fupi maalumu. Na kuna lile kasha kubwa la kusimama. Achukue kubwa. Wauza maduka watamsifia ile ndogo kwamba ni ya kisasa na haijazi meza, yeye asitikisike.

Dukani asinunue kitu kilichozimwa. Kiwashwe. Akae nacho nusu saa, gemu inacheza au video inaenda, asikilize feni, aguse kasha, afungue ubavu aangalie kama kuna kutu kwenye matundu ya nyuma. Watu wa pwani mnajua chumvi inavyokula bati. Inakula na miguu ya RAM. Aombe risiti ya EFD na waranti iandikwe juu ya risiti hiyo, wiki mbili au mwezi, siyo ya mdomo. Wewe mdogo wangu nenda naye. Siyo kumlinda, ila wanawake tuna kipaji cha kuuliza bei mara nne bila aibu, na hapo ndipo elfu hamsini hupatikana.

Kama atafuata mzigo Dar, basi linatoka Kange alfajiri na usiku amerudi. Ni mwendo wa kilomita kama 350, amechoka, lakini amekijaribu kitu kwa mkono wake. Kuna watakaomwambia Mombasa ni karibu zaidi, na ni kweli, ni kama nusu ya njia hiyo. Ila akivuka na mzigo pale Horohoro autangaze kwa watu wa ushuru na risiti yake mkononi. Kuupitisha mzigo kwa njia za panya ni kuongeza siri nyingine juu ya siri.

Haya, ile kadi ya chini ya kitanda. Ushauri wangu: airudishe kwa aliyemuuzia wabadilishane. Atafute GTX 1050 Ti ya GB 4, au GTX 1650 ambayo haina tundu la pini pembeni (zipo zenye tundu, aangalie kwa macho yake). Hizi zinashiba wati 75 za tundu la ndani, ukichomeka umemaliza. Na hapa shemeji ana turufu: 1060 ina nguvu kuliko 1050 Ti, kwa hiyo katika kubadilishana yeye ndiye mwenye mali ya thamani. Asiongeze hata mia. Akiweza kuchomoa kiasi cha kununulia SSD, bab kubwa! SSD ndiyo itakayofanya mashine iwake upesi kabla uji haujachemka.

Ila ajihadhari na 1050 Ti za kughushi. Zipo nyingi: watu wanachukua kadi ya zamani sana, wanaiandika upya kwa ndani ijitambulishe kwa jina la kisasa, wanaipaka na kuitia boksi jipya. Kompyuta yenyewe inadanganyika. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, aibebe kwenye flashi, aifungue hapo hapo dukani. Kadi za namna hiyo nyingi inazitambua na kuandika FAKE waziwazi. Muuzaji akikataa kufunguliwa programu, jibu mmelipata.

Na kama aliyemuuzia hataki kubadilishana? Basi aiuze kwa mtu mwenye mashine inayoifaa, akiwa ameifunga na kuiwasha mbele ya mnunuzi. Akiipenda sana aibakize, lakini hapo itabidi aachane na mashine ya ofisini ajenge kwa vipande: kasha la kawaida, pawa saplai nzuri ya wati 450, mazabodi na prosesa za mtumba. Inawezekana, na mafundi wanafanya. Ila kwa mfuko wenu wa mwaka huu mimi sioni. Pawa saplai ya bei chee ndiyo inayoondoka na kila kitu siku umeme unaporudi kwa kishindo.

Umeme wenyewe sasa! Barua yako haikutaja, lakini nyumba za kupanga nyingi mita ya LUKU ni ya kuchangia. Mashine hiyo ikicheza pamoja na skrini, tuseme ni wati 200. Saa tatu kila usiku ni yuniti 0.6, kwa mwezi yuniti 18. Wale wa matumizi madogo, wasiovuka yuniti 75 kwa mwezi, elfu moja inawapa yuniti nane na ushee; hapo gemu la mwezi mzima ni kama shilingi 2,200. Wale wa bei ya kawaida elfu moja ni yuniti mbili na ushee, na gemu hilo hilo linafika kama 6,400. Si hela ya kuvunja ndoa. Lakini yuniti 18 zinaweza kuisukuma nyumba nzima nje ya zile 75, na hapo wapangaji wenzenu watagonga mlango, hawatamgonga yeye, watakugonga wewe. Mjue mko bei gani kabla ya kununua, na mchango wenu wa LUKU uongezwe kabla ya kuulizwa.

Tukirudi sebuleni, skrini siyo lazima anunue sasa. Televisheni inafaa. Mashine nyingi za ofisini zinatoa picha kwa tundu la DisplayPort, kwa hiyo atahitaji waya wa kutoka hapo kwenda HDMI, ni kitu kidogo. Akishaweka kadi, nyingi zina HDMI yake. Shida ya televisheni siyo waya, shida ni tamthilia. Saa ya tamthilia iandikwe mapema na iheshimiwe, kwa sababu ugomvi wa rimoti umeshavunja nyumba zilizokuwa na skrini moja na akili mbili.

Mashine isikae sakafuni, wala dirishani linakopita upepo wa bahari. Kila baada ya miezi michache aizime, achomoe waya ukutani, afungue ubavu, apulize vumbi, achomoe RAM na kufuta miguu yake taratibu kwa ufutio wa penseli. Kipindi cha masika aiwashe hata siku asizocheza, joto lake lenyewe linaikausha.

Gemu zenyewe siyo lazima zigharimu. eFootball ya wale mliokulia PES kwenye vibanda vya PlayStation ni ya bure. Rocket League ni ya bure tangu mwaka 2020. Epic Games wanatoa gemu za bure tangu Desemba 2018, na mwezi Mei 2020 waliwahi kutoa hata GTA V. Kinachouma ni bando. Gemu kubwa ni zaidi ya GB 100, na ukishusha kwa bando la simu ni kuchoma hela mchana kweupe. Rafiki mwenye gemu hiyo hiyo ya bure aje na diski yake, wanakili faili, kisha mashine inashusha vile vilivyopungua tu. Akaunti kila mtu na yake. Zile flashi za "magemu hamsini elfu kumi" za barabarani azikwepe, zinakuja na virusi vyake.

Sasa nikuulize na wewe, mdogo wangu. Umesema "kidude cha gemu" kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Umewahi kukaa ukacheza? Jirani zetu Kenya wana dada anaitwa Sylvia Gathoni, jina lake la mchezoni QueenArrow, alikuwa bado anasomea sheria pale timu ya Marekani ilipomsaini mwaka 2018 kucheza Tekken, na ni mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo. Sikwambii ukasainiwe. Nakwambia kasha hilo likiingia sebuleni ni la nyumba, siyo la baba. Uandike humo hesabu zako za vitenge, mtoto akikua asome, na Jumamosi umfunge shemeji mabao manne aende kulala mapema.

Lile la yeye kuficha ndilo la kukaa nalo zaidi kuliko kadi. Nimesoma barua yako mara tatu na sijaona mahali ulipoandika kwamba ni mlevi, au analala nje, au mtoto anakosa maziwa. Kwa hiyo muulize aliogopa nini. Inawezekana aliwahi kutaja kompyuta ukacheka mbele ya dada zako. Inawezekana anaamini hela ya ovataimu ni yake peke yake, na hapo mna mazungumzo marefu zaidi ya GTX 1060. Ila muulize baada ya kukuonyesha kadi inachomekwaje, siyo kabla. Mwanaume akiwa anaeleza mashine huwa anasema na mengine.

Na kiasi gani kila mmoja anaweza kutumia bila kuuliza, kiandikeni. Elfu ishirini, elfu thelathini, mnajua wenyewe. Juu ya hapo ni maneno mawili kabla ya hela kutoka, kwake na kwako. Ndiyo, na kwako. Zile kanga doti tatu za sikukuu nadhani hazikupitia kikao chochote.

Niandikie kodi ikishalipwa, uniambie kadi imebadilishwa au bado iko kwenye boksi. Mwezi ujao namjibu kaka wa Muheza ambaye mama mkwe amehamia "kwa wiki mbili" na sasa ameleta kuku wake.